Je, Nchi za Kidemokrasia Hazipigani Vita?

Mwanafunzi wa fizikia hukutana na kanuni tangu siku zake za mwanzo darasani. Hufundishwa kwamba maji safi huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi katika usawa wa bahari, naye akitaka kuhakikisha huyaweka maji motoni, hutia kipimajoto, akasoma. Mwanafunzi wa historia na siasa hana bahati hiyo. Mataifa hayawezi kutiwa katika chupa ya maabara, wala vita haviwezi kuanzishwa kwa ajili ya majaribio. Ndiyo maana katika elimu ya uhusiano wa kimataifa kanuni ni adimu sana.

Hata hivyo, liko dai moja ambalo wataalamu wengi wamelipa hadhi iliyo karibu na ya kanuni. Nalo ni kwamba nchi mbili zenye utawala wa kidemokrasia hazipigani vita zenyewe kwa zenyewe, au zikipigana ni kwa nadra mno. Mwaka 1988 mtaalamu wa Kimarekani Jack Levy aliandika kwamba katika fani nzima ya uhusiano wa kimataifa hakuna jambo jingine lililopatikana kwa uchunguzi ambalo linakaribia zaidi kuwa kanuni. Kutoka katika majarida ya wataalamu dai hilo liliingia katika hotuba za viongozi. Rais Bill Clinton wa Marekani alilitaja mbele ya bunge la nchi yake Januari 1994, na katika muongo uliofuata lilitumiwa hata kutetea vita.

Dai linalobebeshwa mzigo mzito namna hiyo halifai kukubaliwa wala kukataliwa kwa mazoea. Katika makala hii tutaeleza wazo hilo lilitoka wapi, limepimwa kwa njia gani, hesabu zake zinasema nini, na mipaka yake iko wapi.

Chanzo cha wazo

Mwaka 1795 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, aliyeishi katika mji wa Königsberg ambao siku hizi huitwa Kaliningrad na umo katika Urusi, alichapisha kitabu kidogo kuhusu amani ya kudumu. Wakati huo Ulaya ilikuwa katikati ya vita vilivyofuata Mapinduzi ya Ufaransa. Kant alitaja masharti matatu ya amani. Kwanza, kila dola iwe na katiba ya kijamhuri, yaani itawaliwe kwa sheria na kwa uwakilishi wa raia. Pili, dola huru za namna hiyo zifanye shirikisho. Tatu, mgeni anayefika katika nchi ya watu asitendewe kama adui.

Hoja ya sharti la kwanza si ngumu kuielewa. Mtawala asiyewajibika kwa yeyote anapotangaza vita hapotezi kilicho chake: hapigani, halipi kodi, wala shamba lake halichomwi. Raia ndiye atoaye mwana, fedha, na jasho la kujenga upya kilichobomolewa. Ikiwa idhini ya raia inahitajiwa kabla ya vita kuanza, bila shaka atasita sana kuitoa. Wahenga wetu walisema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Tukitumia lugha yao, tunaweza kusema kwamba Kant alitaka nyasi ziulizwe kwanza.

Kwa zaidi ya miaka 150 wazo hilo lilibaki kuwa falsafa tu. Mwaka 1964 mtafiti wa elimujamii nchini Marekani, Dean Babst, alipitia orodha ya vita vikubwa vya karne zilizopita, akatoa taarifa kwamba hakukuta vita kati ya nchi mbili huru zilizokuwa na serikali za kuchaguliwa. Wakati huo huo, katika Chuo Kikuu cha Michigan, J. David Singer alikuwa ameanzisha mwaka 1963 mradi mkubwa wa kukusanya takwimu za vita vyote vya dola tangu mwaka 1816. Kwa mara ya kwanza watafiti walipata daftari moja la kuhesabia. Mwaka 1983 Michael Doyle aliziunganisha hesabu hizo na mawazo ya Kant, na tangu hapo mjadala haujapoa.

Vita ni nini, na demokrasia ni nini?

Kila upimaji huanza kwa kuafikiana juu ya kipimo. Mradi wa Michigan uliamua kwamba mapigano kati ya dola mbili au zaidi yatahesabiwa kuwa vita iwapo yamesababisha vifo visivyopungua 1,000 vya wapiganaji. Kiwango hicho kina faida na hasara zake. Faida yake ni kwamba watafiti wote wanahesabu kitu kile kile. Hasara yake ni kwamba mapigano yenye vifo 900 hayamo, ilhali yenye vifo 1,100 yamo, ingawa kwa mjane na yatima tofauti hiyo haina maana yoyote.

Kuipima demokrasia ni kazi ngumu zaidi. Kipimo kilichotumiwa sana ni kile kilichobuniwa na Ted Robert Gurr na wenzake tangu miaka ya 1970. Kipimo hicho huipa kila nchi, kwa kila mwaka, alama kati ya -10 na +10, kwa kutazama jinsi viongozi wanavyopatikana, ushindani ulio huru kiasi gani, na mamlaka ya mkuu wa serikali yamewekewa mipaka gani. Kwa kawaida nchi yenye alama 6 au zaidi huhesabiwa kuwa ya kidemokrasia.

Hapa pana mtego. Ujerumani ya kabla ya mwaka 1914 ilikuwa na bunge lililochaguliwa kwa kura za wanaume wote waliotimiza umri. Lakini waziri mkuu wake aliwajibika kwa Kaisari, si kwa bunge, na amri ya jeshi ilikuwa mikononi mwa Kaisari huyo huyo. Je, nchi hiyo ilikuwa ya kidemokrasia? Ukisema ndiyo, Vita Kuu ya Kwanza inakuwa vita kati ya nchi za kidemokrasia, na dai letu linaanguka. Ukisema hapana, dai linasimama. Kwa hiyo mtafiti mwaminifu hana budi kuweka kipimo chake kabla ya kutazama nani alipigana na nani. Akingoja hadi vita vitokee, kisha akaivua nchi moja jina la demokrasia kwa sababu imepigana, atakuwa hakuthibitisha kitu. Atakuwa amezunguka akarudi alipoanzia.

Madai mawili yasiyopaswa kuchanganywa

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuchanganya madai mawili yaliyo mbali kabisa. Dai la kwanza ni kwamba nchi ya kidemokrasia, peke yake, ni nchi ya amani isiyopenda vita. Dai la pili ni kwamba nchi mbili za kidemokrasia hazipigani zenyewe kwa zenyewe. La kwanza linahusu nchi moja moja, na la pili linahusu jozi.

Dai la kwanza lina ushahidi dhaifu. Melvin Small na J. David Singer walilichunguza mwaka 1976 kwa takwimu za mwaka 1816 hadi 1965, wakaona kwamba vita vya nchi za kidemokrasia havikutofautiana sana na vya nchi nyingine, kwa wingi wala kwa ukali. Baadhi ya watafiti wa baadaye waliona tofauti ndogo, lakini wengi hukubali kwamba nchi hizo zimepigana mara nyingi na nchi zisizo za kidemokrasia, na si kila mara kwa kujitetea.

Msomaji wa Afrika anayo sababu yake ya kulitilia mashaka dai hilo. Uingereza iliyopigana nchini Kenya kuanzia mwaka 1952 hadi 1960 dhidi ya Mau Mau ilikuwa na bunge, vyama na magazeti huru. Ufaransa iliyopigana Algeria kuanzia mwaka 1954 hadi 1962 nayo ilikuwa hivyo hivyo. Vita hivyo havimo katika hesabu ya vita kati ya dola, kwa kuwa waliotawaliwa hawakuwa na dola iliyotambuliwa. Takwimu za ukoloni ziliwekwa katika daftari jingine. Kwa hiyo ukweli wa dai la pili, hata ukithibitika, hauwezi kutumiwa kuzitakasa nchi za kidemokrasia na historia yao yote.

Hesabu ya jozi

Sasa tulitazame dai la pili, maana ndilo lenye uzito. Tuseme tumegundua kwamba katika kipindi fulani hakuna vita hata kimoja kilichotokea kati ya nchi mbili za kidemokrasia. Je, sifuri hiyo inathibitisha jambo? Jibu linategemea hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya mwenyewe.

Tuchukue bara la kubuni lenye nchi 10. Idadi ya jozi zote ni 10 × 9 ÷ 2, yaani 45. Ikiwa nchi 3 tu ni za kidemokrasia, jozi ambazo pande zote mbili ni za kidemokrasia ni 3 × 2 ÷ 2, yaani 3. Tuseme katika karne moja vimetokea vita 9, na kwamba kila kimoja kingeweza kuiangukia jozi yoyote kwa bahati tu. Uwezekano wa kimoja kuzikwepa jozi zile 3 ni 42/45. Uwezekano wa vyote 9 kuzikwepa ni 42/45 kwa kipeo cha 9, ambao ni karibu 0.54. Maana yake ni kwamba hata kama demokrasia haina athari yoyote, tungeipata sifuri ile kwa bahati zaidi ya nusu ya nyakati.

Sasa tuseme nchi za kidemokrasia ni 7. Jozi zake ni 7 × 6 ÷ 2, yaani 21, na zilizobaki ni 24. Uwezekano wa vita vyote 9 kuzikwepa jozi hizo 21 ni 24/45 kwa kipeo cha 9, ambao ni karibu 0.0035, yaani chini ya nafasi 4 katika 1,000. Sifuri ni ile ile, lakini uzito wake umebadilika kabisa.

Mfano huu unaeleza kwa nini wataalamu hubishana hasa juu ya vipindi. Katika karne ya 19 nchi za kidemokrasia zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa mbali mbali. Kutopigana kwao kulikuwa kama sifuri ya mfano wetu wa kwanza. Henry Farber na Joanne Gowa walionyesha mwaka 1995 kwamba kabla ya mwaka 1914 takwimu hazionyeshi tofauti ya kutegemewa kati ya jozi za kidemokrasia na jozi nyingine. Tofauti hiyo hujitokeza wazi baada ya mwaka 1945, nchi hizo zilipoongezeka.

Mfano wetu una upungufu mmoja ambao hatuna budi kuukiri. Vita haviangukii jozi zote kwa usawa. Tanzania na Uruguay hazina mpaka, hazina ugomvi, na hazina hata njia rahisi ya kupigana. Vita vingi hutokea kati ya majirani, au huanzishwa na madola yenye nguvu ya kufika mbali. Small na Singer walilisema jambo hili tangu mwaka 1976: huenda nchi za kidemokrasia zilikuwa hazipigani kwa sababu ni chache kati yao zilizopakana. Kwa hiyo watafiti waliofuata, miongoni mwao Zeev Maoz na Bruce Russett mwaka 1993, walilinganisha jozi zinazofanana kwa ujirani, nguvu za kijeshi, utajiri na mapatano ya ulinzi. Tofauti ilibaki. Mwaka 2021 Kosuke Imai na James Lo waliuliza swali kwa upande mwingine: kisababishi kilichojificha kingepaswa kuwa kikubwa kiasi gani ili kiufute uhusiano huu wote? Walipata kwamba kingepaswa kupatikana katika jozi za kidemokrasia mara 47 zaidi kuliko katika jozi nyingine. Kisababishi kikubwa namna hiyo si rahisi kukosa kuonekana.

Kesi zinazobishaniwa

Kanuni hupimwa vyema pembezoni mwake. Ziko kesi kadhaa zinazotajwa kila mara, nasi tutazitazama tatu.

Mwaka 1898 Marekani ilipigana na Hispania. Hispania ilikuwa na bunge, na wanaume wote waliotimiza umri walikuwa na kura tangu mwaka 1890. Lakini vyama viwili vikubwa vilipokezana serikali kwa mapatano, na matokeo ya uchaguzi yalipangwa ili kuyatimiza mapatano hayo. Watafiti wengi huiondoa Hispania kwa sababu hiyo. Wengine huona kwamba uamuzi huo ni rahisi mno kwa wenye kulitetea dai.

Tarehe 6 Desemba 1941 Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Finland, ambayo ilikuwa na serikali ya kuchaguliwa lakini ilikuwa ikipigana na Urusi ya Kisovieti sambamba na Ujerumani ya Hitler. Nchi mbili hizo za kidemokrasia zilikuwa vitani kisheria, lakini majeshi yake hayakukabiliana katika mapambano makubwa. Kwa kipimo cha vifo 1,000, jozi hiyo haihesabiwi.

Kesi ngumu zaidi ni ya mwaka 1999. Kati ya Mei na Julai, India na Pakistan zilipigana katika milima ya Kargil, Kashmir. Nchi zote mbili zilikuwa na serikali zilizochaguliwa, na zote zilikuwa zimefanya majaribio ya silaha za nyuklia mwaka uliotangulia. Vita hivyo vimo katika orodha ya mradi ulioanzia Michigan. Watetezi wa dai husema kwamba nchini Pakistan jeshi ndilo lililokuwa na sauti, na huonyesha kwamba Oktoba mwaka huo huo Jenerali Pervez Musharraf aliiangusha serikali ya kiraia. Jibu hilo lina uzito, lakini linatufundisha jambo: sanduku la kura peke yake halitoshi. Kinachotakiwa ni kwamba waliochaguliwa wawe ndio wenye kuamua juu ya bunduki.

Kwa nini hazipigani?

Kujua kwamba jambo hutokea si sawa na kujua linatokea kwa nini. Maelezo yaliyotolewa ni ya namna nne.

Maelezo ya kwanza ni ya taasisi. Kiongozi wa nchi ya kidemokrasia hana budi kupata fedha bungeni, kujibu magazeti, na kurudi kwa wapiga kura. Mambo hayo huchukua muda, na wakati pande zote mbili zinachelewa, wapatanishi hupata nafasi.

Maelezo ya pili ni ya desturi. Watu waliozoea kumaliza ugomvi wa ndani kwa kura, majadiliano na mahakama huipeleka desturi hiyo nje, hasa wanapoamini kwamba jirani naye anayo.

Maelezo ya tatu ni ya habari. Katika utawala wa wazi, tishio la serikali husikika na kila mtu, na kiongozi anayetisha kisha akarudi nyuma hupata aibu mbele ya wapiga kura. Kwa hiyo vitisho vya bure hupungua, na upande wa pili hujua mapema ni jambo gani ambalo mwenzake hawezi kuliachilia.

Maelezo ya nne hutoka kwa wanaopinga. Wao husema kwamba amani hiyo inaletwa na kitu kingine kilichofuatana na demokrasia. Farber na Gowa walitaja maslahi ya pamoja ya wakati wa Vita Baridi, ambapo nchi nyingi za kidemokrasia zilikuwa kambi moja dhidi ya Urusi ya Kisovieti. Erik Gartzke, mwaka 2007, alitaja biashara na masoko ya mitaji. Douglas Gibler alitaja mipaka: nchi ambazo mipaka yake imekwisha kutulia hazihitaji jeshi kubwa wala mtawala wa mkono wa chuma, na kwa hiyo hupata amani na demokrasia kwa pamoja. Ikiwa Gibler yu sahihi, demokrasia na amani ni ndugu wa mama mmoja, wala moja haikuizaa nyingine.

Tukio la Fashoda linaonyesha ugumu wa kuyatenganisha maelezo hayo. Julai 1898 kikosi kidogo cha Wafaransa chini ya Jean-Baptiste Marchand kilifika Fashoda, ukingoni mwa Nile Nyeupe, mahali ambapo siku hizi huitwa Kodok katika Sudan Kusini. Mwezi Septemba Herbert Kitchener alifika na jeshi kubwa zaidi la Uingereza na Misri. Magazeti ya Paris na London yalipandisha hasira za watu, na vita vilikaribia. Mwezi Novemba Ufaransa iliamua kuondoa kikosi chake. Nchi mbili zenye mabunge hazikupigana. Lakini sababu ilikuwa nini? Uingereza ilikuwa na manowari nyingi zaidi, na Ufaransa iliihofia zaidi Ujerumani. Anayetazama takwimu huona jozi ya kidemokrasia iliyodumisha amani. Anayesoma barua za serikali huona mnyonge aliyepima nguvu zake akarudi nyuma.

Ugomvi wa uvuvi kati ya Uingereza na Iceland, uliozuka mara tatu kati ya mwaka 1958 na 1976, unaelekea upande mwingine. Meli zao ziligongana, nyavu zilikatwa, na mwaka 1976 Iceland ilivunja uhusiano wa kibalozi. Hata hivyo nchi yenye manowari nyingi haikutumia nguvu zake zote, na hatimaye ilikubali eneo la uvuvi la maili 200 za bahari lililodaiwa na nchi ndogo. Hapa nguvu peke yake haielezi matokeo, ingawa ni kweli pia kwamba nchi zote mbili zilikuwa katika mapatano mamoja ya ulinzi.

Ushahidi wa Afrika

Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 ni mfano ulio karibu nasi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Tanzania, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliompinga Amin. Uganda ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Januari 1971. Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu mwaka 1965 hadi 1992. Ni kweli kwamba katika kila jimbo wapiga kura walichagua kati ya wagombea wa chama hicho kimoja, na kwamba mwaka 1965 hata baadhi ya mawaziri walishindwa. Lakini vipimo tulivyovieleza hudai ushindani wa makundi yaliyo huru. Kwa hiyo jozi hii huandikwa miongoni mwa jozi zisizo za kidemokrasia. Mwanafunzi aone kwamba safu ya takwimu haisemi nani alivamia na nani alivamiwa. Haki na dhuluma hazimo katika daftari hilo. Huna budi kuzitafuta kwa njia nyingine.

Vita vingine kati ya dola za Afrika, kama vile vya Ethiopia na Somalia mwaka 1977 na 1978, na vya Ethiopia na Eritrea kati ya mwaka 1998 na 2000, navyo vilikuwa kati ya tawala zisizo za kidemokrasia. Hilo linakubaliana na dai. Lakini jambo lililo kubwa zaidi ni uchache wa vita hivyo. Tangu miaka ya 1960 hadi ya 1980 nchi nyingi za Afrika zilikuwa chini ya majeshi au chama kimoja, mipaka yake ilichorwa na wakoloni bila kuuliza mtu, na bado majirani wengi hawakupigana. Sababu moja inayotajwa ni azimio la wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo Julai 1964, la kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Kwa hiyo amani kati ya dola inaweza kupatikana bila demokrasia, ikiwa liko jambo jingine la kuishikilia. Huzuni yetu ni kwamba damu nyingi zaidi ya Afrika imemwagika ndani ya mipaka hiyo, na dai tunalolijadili halisemi lolote kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mifano miwili ya kusini na magharibi yafaa ilinganishwe. Botswana na Namibia, zote zikiwa na serikali za kuchaguliwa, ziligombania kisiwa kidogo cha mto Chobe kiitwacho Kasikili na upande mmoja, na Sedudu na upande wa pili. Zilikubaliana kwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, nayo Desemba 1999 ikaamua kwamba kisiwa ni cha Botswana. Namibia ilikubali. Nigeria na Cameroon ziligombania rasi ya Bakassi, na katika miaka ya 1990, Nigeria ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, askari wao walipigana. Mahakama iliamua mwaka 2002 kwamba rasi ni ya Cameroon, na mwaka 2008 Nigeria, iliyokuwa imerudi katika utawala wa kiraia tangu mwaka 1999, ilikamilisha kuikabidhi. Mifano miwili haithibitishi kanuni, lakini inaonyesha jinsi sheria na mashirika ya kimataifa, sharti la pili la Kant, yanavyoweza kufanya kazi pamoja na la kwanza.

Hatari ya kulitumia vibaya

Ukweli unaohusu jozi za nchi zilizokomaa kidemokrasia hauwi ukweli kuhusu njia ya kuifikia hali hiyo. Edward Mansfield na Jack Snyder walitoa hoja mwaka 1995 kwamba nchi iliyo katika mpito, yenye uchaguzi lakini isiyo bado na mahakama imara, vyombo vya habari vyenye kuwajibika na jeshi lililo chini ya sheria, inaweza kuwa na hatari kubwa zaidi ya vita. Viongozi wanaotafuta kura haraka huona ni rahisi kuchochea ukabila au utaifa. Yugoslavia ilifanya uchaguzi katika jamhuri zake mwaka 1990, na mwaka 1991 vita vikaanza. Hoja hiyo imepingwa na baadhi ya watafiti, lakini onyo lake halipuuziki.

Hatari ya pili ni kulifanya dai kuwa hati ya kushambulia. Marekani na washirika wake walipoivamia Iraq mwaka 2003, sababu kuu iliyotolewa ilikuwa silaha za maangamizi, ambazo hazikupatikana. Lakini hoja ya kwamba Iraq ya kidemokrasia ingeleta amani katika eneo lote nayo ilisemwa mara nyingi. Takwimu za jozi haziwezi kubeba hoja hiyo. Kuona kwamba watu wenye afya huugua kwa nadra hakumfundishi mtu kwamba afya inaweza kuingizwa mwilini kwa rungu.

Hatari ya tatu ni kudhani kwamba pasipo na vita pana urafiki. Mwaka 1953 Marekani na Uingereza zilisaidia kwa siri kuiangusha serikali ya Mohammad Mosaddegh wa Iran, iliyoungwa mkono na bunge. Mwaka 1954 Marekani ilifanya vivyo hivyo kwa serikali iliyochaguliwa ya Guatemala. Vitendo hivyo havikufikia kiwango cha vifo 1,000 kati ya dola, hivyo havimo katika orodha ya vita. Vilifanywa kwa siri, mbali na macho ya raia wale wale ambao Kant aliwategemea wazuie.

Hitimisho

Tukikusanya yote, tunaweza kusema hivi kwa uhakika wa kutosha. Tangu mwaka 1945 nchi za kidemokrasia zimepigana zenyewe kwa zenyewe kwa nadra mno, kuliko inavyoweza kuelezwa na bahati, na kesi zinazobishaniwa ni chache. Haziko katika amani na kila mtu, na historia ya ukoloni ni shahidi. Kisababishi cha amani hiyo bado kinabishaniwa: taasisi, desturi, habari, biashara, mipaka iliyotulia na maslahi ya pamoja vyote vina watetezi wake na ushahidi wake.

Raia wa nchi changa hapaswi kuona hayo kuwa matokeo haba. Maelezo ya taasisi na ya habari, ambayo ndiyo yanayomhusu moja kwa moja, yanamtaka zaidi ya kupiga kura kila baada ya miaka kadhaa. Yanamtaka adai bunge lenye kuuliza juu ya matumizi ya jeshi, magazeti yenye kueleza ugomvi wa mpakani bila kuukuza, na serikali isiyofanya kwa siri yale ambayo isingethubutu kuyafanya hadharani. Pasipo na mambo hayo, nchi inaweza kuwa na masanduku ya kura mengi na bado nyasi zisiulizwe.

Maswali ya mjadala darasani

1. Katika bara lenye nchi 12, ambapo 5 ni za kidemokrasia, kuna jozi ngapi za kidemokrasia? Ni sehemu gani ya jozi zote?

2. Ungeweka masharti gani ili nchi ihesabiwe kuwa ya kidemokrasia? Yatumie masharti hayo kwa Ujerumani ya mwaka 1913, Hispania ya mwaka 1898 na Pakistan ya mwaka 1999.

3. Taja ushahidi ambao, ukipatikana, ungekufanya uliache dai hili. Ikiwa hakuna ushahidi wa namna hiyo, je, dai hilo bado ni la kisayansi?